Nusu marathoni ya Kili: mlima hauchoshi kama mteremko wake

Mbio za Kilimanjaro, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita Kili Marathon, zimekuwa zikifanyika mjini Moshi tangu mwaka 2003, na kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Februari. Mkimbiaji huchagua kati ya kilomita 42, kilomita 21 na zile 5 za kujifurahisha, ambazo familia nzima hujitokeza kukimbia, kutembea na kupiga picha. Mimi nilichagua kilomita 21, na tathmini hii inahusu umbali huo.

Natokea Dar es Salaam, ambako mwinuko pekee niliouzoea ni ule wa Daraja la Tanzanite. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba njia inapanda kutoka mjini hadi Mweka kisha inarudi, niliogopa kule kupanda tu, na maandalizi yangu yote yakaelekea huko. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Kosa la pili lilikuwa la nyumba ya wageni niliyofikia. Niliahidiwa kwamba chai ingekuwa tayari saa kumi na moja alfajiri, lakini muda ulipofika jiko lilikuwa limefungwa na mlinzi hakujua ufunguo uko wapi, hivyo nikaondoka na ndizi mbivu mbili nilizonunua jana yake kwa bahati tu. Anayekwenda Moshi kwa ajili ya mbio ashauriwe kubeba kifungua kinywa chake mwenyewe.

Mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ukishauacha mji na kushika barabara ya Mweka, lami inaanza kuinuka taratibu, bila kona kali wala mwinuko wa ghafla, na huo utaratibu ndio unaodanganya. Unapanda karibu mita 300 kwa jumla, na kwa kuwa hakuna mahali unapoweza kusema kwamba hapa ndipo kilima kilipoanza, unajikuta umepunguza kasi kwa zaidi ya dakika nzima kwa kila kilomita bila kujua ni lini ulipunguza. Hata hivyo, sehemu hii ndiyo nzuri kuliko zote. Migomba na kahawa vinakusindikiza pande zote mbili, hewa inapoa kadiri unavyopanda, na kama mawingu bado hayajafunga, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inakuwa mbele yako. Mwenye kutaka picha aipige wakati huo, kwa sababu ukishageuza, mlima unabaki mgongoni.

Wenyeji wanastahili sifa ya pekee. Pamoja na kuwapo kwa vituo vya maji, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, ndoo ya maji miguuni na kikombe cha plastiki cha bluu mkononi, akimpa kila aliyemsogelea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia, "Pole mwanangu, bado kidogo tu." Hiyo "bado kidogo" niliisikia tena kwa mzee mwingine mbele yake, na kwa watoto wawili waliokaa juu ya ukuta, na kila mara kilima kiliendelea.

Kisha ukafika mgeuko, na mimi nikashangilia mapema mno. Kuteremka kunaonekana kama zawadi, lakini mguu unapotua kwenye mteremko, misuli ya mapaja hulazimika kukaza huku ikivutwa kurefuka ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo ya kushika breki huichana misuli kidogo kidogo, tena zaidi kuliko kazi ya kupanda. Niliziachia kilomita tatu za kwanza za mteremko kwa kasi ambayo sijawahi kuikimbia. Kilomita nne kabla ya uwanja, mapaja yalianza kutetemeka, vidole vikawa vinagonga ncha ya kiatu kwa kila hatua, na jua la Moshi, ambalo huko juu tulikuwa tumelisahau, likatupokea mjini. Waliokuwa wamepanda nyuma yangu kwa utulivu walinipita mmoja mmoja.

Kwa njia yenyewe na mapokezi ya watu, ningezipa mbio hizi alama tisa kwa kumi, na ile moja naipunguza kwa ajili ya joto la kilomita za mwisho. Hata hivyo, nusu marathoni hii simshauri mtu anayetafuta muda wake bora. Huyo aende kwenye njia tambarare. Aliyeamua kuja afanye mazoezi ya kuteremka kwa wiki kadhaa, akate kucha za miguu, na avae kiatu ambacho kimeacha nafasi mbele ya kidole gumba. Mimi Jumatatu nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nimeshika ukuta, na mwakani milima ya Pugu, huko kwetu Dar, itanikoma kwa mazoezi.