WhatsApp Business kwa mwandishi wa riwaya za mizimu: lebo ndizo zinazouza kitabu cha pili

Mwandishi wa mfululizo ana tabu ambayo mwandishi wa kitabu kimoja haijui: wasomaji wake hawako mahali pamoja. Huyu wa Moshono bado anaonja sura tatu za bure. Yule wa Pasua, Moshi, kamaliza kitabu cha kwanza tangu Ijumaa na anauliza cha pili kinatoka lini. Mwingine kalipia viwili na hajafungua hata kimoja. Ukiwapelekea wote tangazo moja, wawili kati ya hao watatu umewaudhi.

WhatsApp Business, ile programu ya bure yenye herufi B kwenye alama yake ya kijani, ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye duka, wala si kwa waandishi. Hata hivyo, kwa anayeuza riwaya za majini, mizimu na wachawi kwa simu yake kutoka Arusha au Moshi, ina kitu kimoja kinachozidi vingine vyote thamani, nacho ni lebo. Sehemu zake nyingine baadhi ni nzuri, baadhi ni za kawaida, na moja mbili ni mtego. Hapa inapimwa kwa kazi hiyo tu.

Lebo ni alama ya rangi unayobandika kwenye mazungumzo yako na mtu, naye haioni. Shikilia kidole juu ya jina lake, gusa alama ya lebo, chagua. Programu inaruhusu lebo 20, na inakuja na chache zilizokwisha kuandikwa, kama mteja mpya na malipo yanayosubiriwa. Zisizokufaa zifute, kwani kila moja inakula nafasi. Kwa mfululizo wa vitabu 4, tuseme vinavyohusu mizimu ya Ziwa Chala, lebo tisa zinatosha: Anaonja, Anasoma 1, Anasubiri 2, Anasoma 2, Anasubiri 3, Anasoma 3, Anasubiri 4, Anasoma 4, Kamaliza.

Lebo hizo zote zinasema mtu yuko wapi leo. Hazisemi alinunua nini mwaka jana, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanabandika "Amenunua 1", kisha "Amenunua 2" juu yake, na baada ya miezi sita mtu mmoja ana lebo nne. Siku ya kutangaza kitabu cha 3, wanachagua lebo isiyo yake, na msomaji mwaminifu anapelekewa punguzo la kitabu alicholipia bei kamili. Ukibandika mpya, bandua ya zamani papo hapo. Programu haikubandulii, na hilo ni pungufu kubwa: hakuna lebo inayokwisha muda wala inayojibadilisha yenyewe. Kila kitu ni kwa mkono. Wasomaji 150 unawamudu kwa dakika kumi kila jioni, lakini wakifika 1,000 utahitaji mtu wa kukusaidia. Simu moja inaruhusu vifaa vinne vya ziada kuunganishwa, kwa hiyo msaidizi anaweza kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta yake.

Kuna njia ya kumfanya msomaji akuambie mwenyewe amefika wapi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kitabu weka linki ya namna hii: wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimemaliza%20kitabu%20cha%201. Akiigusa, mazungumzo yanafunguka na ujumbe umeshaandikwa. Kazi yake ni kutuma tu. Wewe ukiuona, unambandua Anasoma 1 na kumbandika Anasubiri 2. Linki ya kitabu cha 2 iseme kitabu cha 2, na kuendelea. Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Anayeandika 07 anapata linki mfu, na mara nyingi anagundua vitabu vikiwa vimeshatoka kiwandani. Kwa nakala za karatasi, igeuze linki iwe msimbo wa QR, usipungue sentimita 2 kila upande, uwe na ukingo mweupe kuuzunguka. Uchapishe kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kisha uujaribu kwa simu mbili tofauti, moja ikiwa yenye kamera hafifu.

Lebo zikishakaa sawa zinaanza kukuambia habari za uandishi wako, na hapa ndipo programu hii inapozidi sifa yake. Fungua orodha ya lebo uone kila moja ina mazungumzo mangapi. Tuseme Anasoma 1 wako 80, na baada ya wiki nne waliohamia Anasubiri 2 ni 15. Matangazo hayana kosa hapo, maana watu walilipa. Walikwama ndani ya kitabu. Waulize kumi kati yao swali moja fupi: "Umefika sura ya ngapi?" Majibu yakirundikana kwenye sura ya 9 hadi ya 12, soma sura hizo upya kabla ya kuandika neno lingine la kitabu cha 2. Katika riwaya za mizimu sababu huwa zilezile: mzimu umeelezwa wote mapema na hofu ikaisha, au kanuni yake imebadilika (sura ya 3 hawezi kuvuka maji, sura ya 10 anavuka mto bila sababu), au majina mapya sita yameingia ndani ya kurasa mbili.

Lebo hubandikwa pia kwenye ujumbe mmoja mmoja, jambo ambalo wengi hawalijui. Tengeneza lebo iitwayo Kosa la hadithi. Kila msomaji anapokukosoa, bandika ujumbe wake hapo, na siku ya kusahihisha toleo jipya utaukuta mahali pamoja na wenzake. Wasomaji wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro wanaijua ardhi yao na hawakusamehi. Ukiandika mwezi mpevu Jumamosi na mwingine siku kumi baadaye, watakuambia, maana kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Ukiandika kwamba Kibo ilionekana wazi kutoka mjini Moshi saa saba mchana msimu wa mvua, mtu atakuuliza mawingu yalikwenda wapi. Machweo yetu ni mafupi. Ukimpa shujaa wako saa nzima ya giza kuingia polepole kabla mizimu haijatoka, umemhamishia Ulaya. Na ukimchoma mchawi kwa mto mwekundu wa moto unaoshuka Ol Doinyo Lengai mchana kweupe, waongoza watalii wa Arusha watakucheka. Lava ya mlima huo ni ya aina adimu sana. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, chini sana kuliko la volkano nyingine. Mchana huonekana nyeusi au kahawia kama tope, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Lava inayotoka nyeusi kama tope na kugeuka nyeupe kama mfupa ni zawadi kwa mwandishi wa mizimu, na kuitupa kwa ajili ya wekundu wa kuazima ni hasara. Vivyo hivyo na jani la sale. Msomaji wa Kichagga anajua kwamba anayekuja nalo amekuja kuomba msamaha, kwa hiyo mhusika wako asilichume kama ua la kupamba meza.

Majibu ya haraka ndiyo sehemu ya pili kwa ubora. Unahifadhi hadi majibu 50, na unayaita kwa kuandika mkwaju na neno fupi: /bei, /lipa, /sura3. Katika aina hii ya riwaya kuna jibu moja lisilokosekana. Ukishatangaza hadithi yenye majini, watapatikana watu watakaokuandikia wakitaka jini la utajiri, dawa ya mapenzi, au kuondolewa chuma ulete. Baadhi yao wako katika shida ya kweli na hawastahili kuchekwa wala kuachwa bila jibu. Hifadhi /kubuni: "Shikamoo, au habari yako ndugu. Asante kwa kuniandikia. Hii ni riwaya ya kubuni. Mimi ni mwandishi, si mganga, na sitoi dawa. Ukipenda hadithi, nikutumie sura ya kwanza bure." Kabla ya kutuma, futa salamu isiyomfaa. Maneno "riwaya ya kubuni" yawepo pia kwenye maelezo ya akaunti na kwenye kila jalada. Tanzania ina Sheria ya Uchawi, na mwandishi hana sababu ya kujitangaza kwa namna inayofanya adhaniwe anauza uganga.

Ujumbe wa makaribisho una jambo la kuangalia. Hujituma kwa anayekuandikia mara ya kwanza, na pia kwa aliyekaa siku 14 bila mazungumzo na wewe. Kwa hiyo msomaji aliyetumia wiki tatu kusoma kitabu cha 2, akirudi kusema amemaliza, atapokewa na "Karibu mgeni, onja sura tatu za bure." Andika makaribisho yanayowafaa wote wawili, mgeni na mwenyeji.

Orodha ya matangazo ndiyo mtego. Inabeba watu 256, na ujumbe wake humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Mwandishi anatuma kwa 256 na kuamini wamepata wote, kumbe nusu yao hawajakuhifadhi. Dawa ni kuomba mapema: unapotuma sura za bure, sema wazi "Hifadhi namba hii ili upate sura inayofuata." Usiokote namba kwenye makundi ya watu na kuwatumia matangazo. Wakikuripoti kwa wingi akaunti hufungwa, na lebo zako zinafungwa nayo. Stetasi nayo inadai namba zihifadhiwe pande zote mbili. Hukaa saa 24 na inakuonyesha walioitazama. Weka tatu kwa siku, si kumi na tano. Kipande cha maandishi kisizidi herufi 700, na kikatike kabla mzimu haujaonekana. Makundi yanabeba hadi watu 1,024, lakini kundi la wasomaji wa mfululizo linavuja siri za kitabu cha 3 mbele ya anayeanza cha 1. Ukilazimika kuwa nalo, ruhusu wasimamizi pekee kuandika.

Kutuma kitabu chenyewe kunahitaji maandalizi. PDF ya A4 kwenye simu ni adhabu: msomaji anavuta kulia na kushoto kila mstari. Kabla ya kugeuza kuwa PDF, weka ukurasa wa sentimita 10.5 kwa 14.8, kingo sentimita 1, herufi ukubwa wa 12. Picha ya jalada ipunguzwe isizidi kilobaiti 300, kwa sababu anayenunua bando la siku hatapakua faili la megabaiti 20. Wizi hauzuiliki kabisa. Ile hali ya kutazama mara moja inafanya kazi kwa picha, video na sauti, si kwa faili la PDF. Kinachosaidia ni kuandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Inachukua dakika mbili, na mtu husita kusambaza faili lenye jina lake.

Malipo hayafanyiki ndani ya WhatsApp hapa Tanzania, kwa hiyo ni M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au Lipa Namba. Usitume kitabu kwa kuonyeshwa skrinishoti ya muamala. Angalia salio lako kwanza.

Katalogi, yaani orodha ya bidhaa iliyo ndani ya programu, itumie kwa nakala za karatasi. Kila kitabu kipewe ingizo lake, na namba ya kitabu iwe mwanzoni mwa jina, "1", "2", "3", kwa sababu mnunuzi wa mfululizo akikosea mpangilio analaumu hadithi. Kila juzuu lina ISBN yake, yaani namba ya kulitambulisha, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na toleo la PDF halitumii ISBN ya karatasi. Unene wa mgongo usikisiwe: kurasa 200 ni karatasi 100, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 10. Migongo ya vitabu vyote vinne iwe na muundo mmoja, ili vikisimama pamoja kwenye rafu msomaji aone pengo la kile alichokosa. Kwa mzigo wa basi kati ya Arusha na Moshi, piga picha ya risiti na umtumie mpokeaji kabla gari halijaondoka stendi.

Kwa mwenye kitabu kimoja, WhatsApp ya kawaida inatosha. Kwa mwenye mfululizo, hii ipakuliwe, mradi uwe tayari kukaa na lebo kila jioni. Ukihama kutoka ile ya kawaida kwa namba hiyohiyo, tengeneza kwanza nakala ya akiba ya mazungumzo. Kisha weka PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kuirejesha, na usiiache laini ikae bila kutumika hadi mtandao ukaigawa kwa mtu mwingine. Fanya hayo kabla ya kupeleka jalada la kwanza kiwandani, maana namba hiyo ndiyo itakayochapwa nyuma ya kila juzuu, hadi la nne.