Orodha ya mahabusu ya kaunti ndogo Kansas: nilivyomtafuta mdogo wangu usiku kucha

Ijumaa saa 4 usiku rafiki wa mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, jamaa kakamatwa barabarani, simu yake haipatikani." Basi. Hakujua kosa wala kituo. Alichokuwa nacho ni alama ya ramani ambayo mdogo wangu alimtumia muda mfupi kabla ya kukamatwa, huko magharibi ya Kansas, karibu saa 4 kwa gari kutoka kwangu Wichita. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu mlioko huku, hasa wenye ndugu madereva, kwa sababu usiku ule nilihangaika na njia tano na ni moja tu iliyonipa jibu.

Marekani mtu akikamatwa, mara nyingi anaanzia jela ya kaunti. Jela hiyo sehemu nyingi iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye huchaguliwa kwa kura, na kila sherifu ana utaratibu wake. Kansas peke yake ina kaunti 105. Zipo zenye tovuti nzuri, zipo zinazopandisha PDF wanapopata nafasi, na zipo ambazo hazina chochote mtandaoni. Kaunti nyingine hazina hata vitanda vya kutosha, hivyo mahabusu wao hulazwa kwenye jela ya jirani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta jina, tafuta mpaka: alama ya ramani imeangukia kaunti gani?

Alama yangu ilikuwa maili 2 tu kutoka mpakani. Nilianza na kaunti ya mashariki kwa sababu tovuti yake ilifunguka haraka, na niseme ukweli, ni tovuti safi. Unaona picha, jina, umri, namba ya kuandikishwa, saa aliyoingia, nani amemkamata, shtaka, na kiasi cha dhamana. Hulipi senti wala hujiandikishi. Mdogo wangu hakuwemo. Nikaenda kwa ile ya magharibi. Kule nilikuta kurasa mbili za PDF zilizopigwa skani kwa upande, juu zimeandikwa tarehe ya Alhamisi. Mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni angekuwemo vipi kwenye karatasi ya Alhamisi? Hilo mimi nalilaumu wazi. Familia inahitaji orodha usiku wa kwanza, na orodha isiyoguswa tangu jana yake haimsaidii mtu anayelia. Nyota 2 kati ya 5, na hizo nazitoa kwa sababu angalau ipo na ni ya bure.

Saa 5 na dakika chache simu yangu iliita, namba ngeni. Sauti ya mashine ikaanza kunieleza habari za kukubali malipo. Nikakata, nikijua ni matapeli wale wa kila siku. Kumbe alikuwa ni mdogo wangu. Simu ya kutoka jela huja hivyo hivyo, mashine inatangulia, na ukikata hujui atapata lini nafasi nyingine. Nawaomba sana: ndugu yako akipotea, usiku huo usikate simu ya mashine mpaka uisikilize hadi mwisho.

Hofu ikanipeleka kubaya. Niliandika jina lake na neno "arrest" kwenye Google, na tovuti ya kwanza kabisa ikaniahidi kumbukumbu zote za jela kwa dola 1. Gurudumu likazunguka dakika nzima, likinitajia "rekodi nyeti zimepatikana". Nikatoa kadi. Nilichopata ni anwani zetu tatu za zamani na jina la mama mwenye nyumba wangu wa kwanza. Habari ya kukamatwa kwake jioni ile haikuwemo kabisa. Wiki moja baadaye wakakata dola 28 nyingine kwenye akaunti yangu, ada ya mwezi ambayo maandishi yake yalikuwa madogo kama sisimizi. Nilipotulia nikaelewa: tovuti za namna hii huokota habari kwenye orodha zile zile za masherifu. Kama sherifu mwenyewe hajapandisha, wao watazitoa wapi? Hapa sitoi nyota hata moja.

KASPER, mfumo wa jimbo la Kansas, ni mzuri kwa kazi yake, ila kazi yake ni wafungwa na watu walio chini ya idara ya magereza ya jimbo. Aliyekamatwa leo kwenye kaunti humkuti humo. VINE, huduma ya kuwajulisha watu mahabusu au mfungwa anapoachiwa, nayo ni ya bure, na nimebaki kuiheshimu. Ilianza mwaka 1994 huko Louisville, Kentucky, baada ya Mary Byron kuuawa na mpenzi wake wa zamani aliyekuwa ametoka kwa dhamana bila yeye kujulishwa. Unajiandikisha, na mtu akiachiwa au akihamishwa wanakutumia ujumbe. Lakini lazima kwanza umpate kwa jina lake, na hapo ndipo tulipokwama.

Saa 8 usiku nikapiga simu ofisi ya sherifu wa ile kaunti ya magharibi. Si 911, ile namba ya dharura, ni namba yao ya kawaida, iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa. Alipokea mama mmoja. Kwenye kaunti ndogo anayepokea simu usiku mara nyingi ndiye huyo huyo anayetuma magari ya doria, kwa hiyo nyuma yake nilisikia redio ikikoroma. Nikamtajia jina. Hayupo. Nikamtajia herufi moja moja, na nilipofika kwenye ritifaa, kile kialama cha (') kinachofuata Ng, nikashindwa hata kuieleza. Hayupo. Nilikuwa nakaribia kushukuru na kukata, yeye akaniambia, "Ngoja, nipe tarehe yake ya kuzaliwa." Nikasikia kibodi. Kimya. Kibodi tena.

"Ninaye mmoja mwenye tarehe hiyo. Jina la ukoo, Ng."

Sisi Wasukuma majina yetu mengi yanaanza na Ng'w. Aliyemwandikisha alipoingiza jina, kompyuta ilifika kwenye ritifaa ikakata pale pale. Herufi mbili za mwanzo zikawa ukoo, na jina la babu yetu lote lililobaki likasukumwa katikati. Hata orodha ile ingekuwa mpya namna gani, nisingemwona kwa jina tulilolizoea. Kwa hiyo ukitafuta, usiandike jina zima. Andika herufi mbili au tatu za mwanzo, kisha jaribu jina la baba mahali pa ukoo, kisha jina la kwanza peke yake. Sisi wenye majina matatu tunaweza kuandikwa kwa lolote kati ya hayo. Lakini tarehe ya kuzaliwa ndiyo iliyomtoa mdogo wangu gizani. Kama hujui tarehe za kuzaliwa za ndugu zako, waulize leo.

Mama yule aliniambia kosa: FTA, yaani hakufika mahakamani siku aliyotakiwa. Mwaka jana alipigwa faini ya mwendokasi kwenye kaunti ile ile, kisha akahama nyumba, barua zikaenda kwenye anwani ya zamani, na hakimu akatoa hati ya kukamatwa. Dhamana dola 500, taslimu au kupitia mdhamini wa biashara, yaani mtu anayekuwekea dhamana kwa malipo. Nikauliza kama kuna kaunti nyingine inayomtaka, maana ukilipa hapa huku kuna zuio la kwingine, hatoki. Hakuna. Mwisho akaniuliza kama ni raia wa Tanzania, kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo ubalozi lazima ujulishwe raia wake akikamatwa, atake asitake. Alisema faksi itatumwa asubuhi. Nyota 5, na ningekuwa na ya sita ningempa.

Jumamosi nilifika na dola 500 mkononi. Mdhamini wa biashara angechukua kama asilimia 10, na hizo hazirudi. Fedha taslimu hurudi kesi ikiisha kama mshtakiwa amehudhuria, ingawa mahakama inaweza kukata faini na gharama zake. Itunze risiti, na uangalie imeandikwa jina la nani.

Jumatatu PDF mpya ikatoka. Mdogo wangu alikuwemo, picha na kila kitu, bado anaonekana yuko ndani, huku yeye amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai. Aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dada, watu wa kazini wataiona?" Wanaweza. Orodha hizi ni za umma na kila mtu ana haki ya kuzisoma, na mimi siombi zifungwe, maana ndizo tunazozitegemea kuwapata watu wetu. Naomba tu kila anayezisoma akumbuke kwamba shtaka si hukumu. Na tovuti ikikudai pesa ili iiondoe picha, usilipe kabla ya kuuliza wakili. California na Georgia, kwa mfano, zina sheria dhidi ya biashara hiyo.

Bosi wake alitaka karatasi rasmi. Jina likishatoka kwenye orodha huwezi kulichapisha tena, lakini sheria ya kumbukumbu za umma ya Kansas inaitaka ofisi ishughulikie ombi lako ndani ya siku 3 za kazi. Niliandika barua pepe ya mistari minne: jina kama lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kukamatwa, na ninachotaka. Nakala ilikuja siku ya pili. Kwenye barua hiyo hiyo niliomba jina lirekebishwe, kisha nikampigia karani wa mahakama nikamwomba vivyo hivyo, ili kesi isije ikaitwa kwa jina ambalo mdogo wangu hataitikia. Kwenye mfumo wa mahakama sasa limeandikwa lote pamoja, bila ritifaa, lakini herufi zote zimo.