Bima ya kazini na matibabu ya unene, nyota 2

Kampuni siitaji jina, ni bima ya kazini huku Ohio, mwaka wa tatu huu wananikata kila mshahara. Nawapa nyota 2 na zote ni za dada mmoja wa kastoma kea.

Mwaka jana daktari kaniandikia Wegovy, ile sindano ya kupunguza uzito ya mara moja kwa wiki. Nilikuwa na kilo 98, BMI 34 (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu), na presha juu. Dawa yenyewe Marekani ilipitishwa 2021 kwa mwenye BMI kuanzia 30, au 27 kama ana ugonjwa wa kuendana na uzito, presha ikiwemo, sa mi nikajua hapa nimepita. Nafika famasi naambiwa bima wamekataa, na ukitaka ulipe mwenyewe wakati huo ilikuwa dola zaidi ya 1,300 kwa mwezi. Hiyo kwangu ni kodi ya nyumba jamani!

Nikakata rufaa (una siku 180 toka upate barua yao), wakajibu bado hapana. Ndo nikapiga simu, yule dada akanisomea masharti moja moja bila haraka, kumbe walitaka miezi 6 ya dayati na mazoezi chini ya daktari, kila mwezi iwe imeandikwa kwenye faili. Mi mwaka mzima natembea kila jioni, ugali wa usiku nilishaacha, ila hakuna aliyeandika popote kwa iyo kwao ni kama sijafanya kitu. Iliniuma sana. Operesheni ya tumbo ya kupunguza uzito wanalipa, lakini uwe na BMI 40, au 35 na ugonjwa juu, sa mtu wa 34 aende wapi?

Nikaanza upya kliniki, kila mwezi napimwa nesi anaandika, miezi 6 ilipotimia wakakubali. Kama kazini kwenu ni kipindi cha kuchagua bima, muombe HR (ofisi ya wafanyakazi) ile karatasi ya masharti ya dawa za uzito kabla hujasaini, maana kampuni ya bima inaweza kuwa moja ila mwajiri mmoja kanunua plan yenye hizo dawa na mwingine kazitoa kabisa.

Sasa kibali chenyewe ni cha miezi 6, hawakiongezi mpaka uwe umepungua asilimia 5 ya uzito, kwangu ni karibu kilo 5. Kinaisha mwezi wa pili, nimepungua 4. Presha imeshuka vizuri mpaka daktari kanipunguzia vidonge, na kwenye fomu yao hakuna hata sehemu ya kuiandika.