Barua za profesa Jackson ziko mtandaoni bure, zisomeni

Jamani mnaopenda historia ingieni kwenye nyaraka za Thomas J. Jackson, zinatunzwa makavazi ya chuo cha kijeshi cha Virginia Military Institute huko Marekani na wameziweka mtandaoni bure, barua zimechapwa upya ukasoma vizuri, maana ule mwandiko wa kalamu ya wino unachosha macho balaa. Huyu ndo jenerali wanayemwita Stonewall, ila 1851 mpaka 1861 alikuwa mwalimu tu wa chuo hicho pale Lexington, anafundisha fizikia na mizinga.

Mi zilizonishika ni zile za kwa dadake Laura. Makeke ya kijeshi hamna kabisa, ni macho yanasumbua, tumbo halitulii, na kumsihi dada amrudie Mungu, yaani unamsikia kaka mtu anaongea. Halafu 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani inaingia, Laura anabaki na Muungano (upande wa Kaskazini), kaka anaenda Kusini kupigania upande uliotetea utumwa (na yeye mwenyewe alimiliki watumwa, soma ukijua hilo), basi barua zinakatika. Niliumia kweli. Anza na zile za vita ya Marekani na Mexico, ufuate tarehe, usirukeruke.