Geji ya busti ya mpira au ya waya? Nimefunga zote mbili, nimerudi kwenye ya mpira

Wenye Forester, Impreza, Chaser na wote mnaokanyaga tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini kwa presha, na presha hiyo ndiyo busti) bila kujua inapuliza ngapi, hii inawahusu. Gari yangu ni Forester SG5 ya 2004, injini EJ20 ya tabo, kila kitu cha kiwandani mpaka leo. Sikuwa na mpango wa geji, niliona ni urembo wa vijana wa taa za bluu chini ya gari. Kilichonibadilisha ni siku gari ilipoishiwa nguvu ghafla, ukikanyaga inatoa moshi mweusi tu haiendi, fundi wa kwanza akasikiliza dakika mbili akaniambia "bosi, tabo imekufa hiyo, tafuta nyingine". Nusura nitoe hela. Kumbe mpira wa kwenye intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya tabo, umechomoka, dereva bodaboda aliyekuwa amekaa pale pembeni ndiye aliyeuona. Ningekuwa na geji ningeona tu mshale haupandi, ningefungua boneti mwenyewe.

Basi nikaenda Gerezani nikanunua ya mekaniko, elfu 65. Mafundi wanaiita ya mpira, kwa sababu unachomeka kiungo cha T kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye menifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, unaupitisha kwenye ukuta wa kati ya injini na dashibodi mpaka ndani, unachomeka nyuma ya geji, imeisha. Waya ni wa taa tu. Ndani yake kuna kijibomba cha shaba kilichopinda kama ndoano, presha ikiingia kinataka kunyooka, kinavuta vijigia, mshale unasogea. Ni akili ya Mfaransa mmoja anaitwa Bourdon, ya tangu 1849, na ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye saa za mitungi ya gesi ya mafundi wa kuchomelea pale mtaani kwako. Hakuna cha kompyuta.

Wiki tatu raha mustarehe. Halafu silensa, yaani ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikaanza vituko, inapanda inashuka, ukisimama kwenye foleni ya Ubungo gari inataka kuzima. Taa ya chek injini ikawaka. Nikalaumu geji, na hapo ndipo nilipokosea, maana tatizo lilikuwa ule mpira uliokuja ndani ya boksi, plastiki ngumu kama mrija wa soda, na fundi aliupitisha karibu kabisa na tabo. Umeiva, umetoboka. Gari hizi zinapima hewa pale baada ya chujio la hewa, sasa hewa inayoingia kwa kitundu huko mbele haijahesabiwa na mtu, injini lazima ichanganyikiwe.

Mimi bila kufikiri nikasema mekaniko ni za kizamani, nikanunua ya umeme, elfu 190, ya Kichina isiyo na jina la maana. Aisee ni nzuri kwa macho! Rangi saba, inakumbuka busti ya juu kabisa uliyofika, unaseti ipige kelele ikizidi namba unayotaka. Hii kelele naikubali kabisa, ukiwa unaovateki lori usiku nani ana muda wa kutazama mshale? Na ndani ya gari haiingii hewa wala mpira, sensa inakaa kule kwenye injini na mpira mfupi tu, zinazoingia ndani ni waya. Mpira ukiwa mfupi hivyo na uko mbali na joto, hauna pa kuungulia.

Shida ya kwanza ilikuwa fundi umeme. Moto aliiba kwenye redio, na ethi, yaani waya hasi, akaifunga kwenye skrubu ya dashibodi iliyoshika plastiki na kipande cha bati. Ukiwasha AC mshale unaruka. Sensa hizi zinaongea kwa volti ndogo, nyingi zinacheza kati ya 0.5 na 4.5, ethi ikiwa mbovu hata kidogo unasoma uongo. Nikahamisha ethi kwenye bolti ya bodi, ikatulia.

Ya pili ndiyo iliyonichosha. Nikasafiri kwenda Iringa. Kitonga nimepanda vizuri tu, nafika mjini nazima gari, nageuza swichi bila kuwasha injini, geji inasoma -0.17 bar (bar ni kipimo cha presha). Injini imezima, haivuti hewa! Presha hasi inatoka wapi? Nikajua sensa imekufa. Narudi Dar, inasoma sifuri safi kama hakuna kilichotokea.

Maelezo ni kwamba Iringa iko mita 1,500 na ushee juu ya bahari, hewa ya kule ni nyepesi, kama 0.84 ya bar badala ya 1.01 ya huku pwani. Sensa ya umeme kama yangu inahesabu kuanzia utupu kabisa, halafu geji inapunguza presha ya hewa ya nje ili ikupe busti. Geji nzuri inapima hewa ya mahali ulipo kila ukiweka swichi, au inakupa kitufe cha kuweka sifuri upya. Yangu ilikuwa inapunguza namba moja tu, ya pwani, popote ulipo. Ya mpira haina habari na hayo yote, kile kijibomba kwa nje kinaguswa na hewa hiyo hiyo unayovuta wewe, kwa hiyo sifuri ni sifuri, iwe Tanga iwe Mbeya.

Kwa haki, rafiki yangu ana geji ya umeme ya Defi, kampuni ya Kijapani, aliyoitoa huko huko Japani, ile ni kitu kingine kabisa, ukiwasha mshale unapiga mzunguko mzima unarudi, husikii lawama. Ila ni hela, na jina hilo linaigizwa sana, kagua kabla hujatoa pesa. Kama gari umeitiuni, yaani umeiongezea nguvu, na unataka kurekodi data, nenda umeme bila kubishana. Na kama unachotaka ni geji ya presha ya oili, hapo nako chukua ya umeme tu, maana ya mekaniko inaleta oili ya moto yenyewe mpaka ndani kwenye miguu yako. Busti ni hewa, oili siyo hewa.

Mimi nimeirudisha ile ya elfu 65. Safari hii nimenunua mpira wa silikoni mita mbili, tundu la milimita 4, nimeupitisha kwenye ule mpira mkubwa wa waya za kiwandani unaopenya ukutani, mbali na tabo, klipsi kila mwisho. Nilikaa na fundi mwanzo mwisho, kila akitaka kukatisha njia namwambia "kaka, zungusha". Mshale ulikuwa unatetemeka, tukaweka kale kaplastiki kenye kitundu kidogo ndani ya mpira, umetulia. Sasa silensa inakaa -0.65 hivi, nikikanyaga inagusa 0.8. Siku mshale ukianza kuruka ruka kwenye silensa, najua ama plagi ama valvu, nawahi.

Ile ya waya ipo kwenye droo, nzima kabisa, boksi lake lipo. Inauzwa, ila wa Mbeya asinitafute.