Mwamba wa Vivekananda, Kanyakumari: wamwachie Mungu kivuko chao

Kule Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India bara, mwamba wa Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, uko baharini, na huwezi kuufikia bila foleni ya kivuko. Tulikata tiketi ya bei ya juu ili tusisimame. Tukasimama vilevile, katikati ya vyuma, jua la utosi.

Hayo ningesamehe. Nisichosamehe ni yule jamaa wa kugawa majaketi ya kuokolea maisha. Shangazi yangu ndiyo kwanza alikuwa anamaliza matibabu ya goti Chennai, akachelewa kidogo kunyoosha mkono. Jamaa akamtupia jaketi kifuani, limelowa jasho la watu, kisha akampigia filimbi. Filimbi! Mama wa makamo anafukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Nikamuuliza, hivi na mama yako unamfanyia hivi? Hata hakugeuka. Shangazi akanivuta shati: "Mwache, baba. Twende tukae."

Majini kwenyewe ni dakika chache, kama nusu kilomita tu. Wanasimulia kwamba Desemba 1892 Swami alikosa nauli ya mtumbwi akaogelea hadi pale, akakaa siku tatu akitafakari; mwaka uliofuata ndipo alipokwenda Chicago kuhutubia mkutano wa dini za dunia. Kwa foleni niliyoiona, nami ningeogelea.

Juu unavua viatu, na jiwe la saa saba linaunguza nyayo kwelikweli. Huko nako filimbi zipo: ukisimama kidogo penye unyayo wa mungu wao wa kike, fyuu! Sogea! Kinachoniuma zaidi ni kwamba jengo la kumbukumbu ya Swami lililo pale juu, lililofunguliwa 1970, lilichangiwa na watu wa kawaida India nzima, wengine rupia moja moja. Sasa wajukuu wa wale wa rupia moja ndio wanaoswagwa.

Halafu tukashuka kwenye ukumbi wa kutafakari, na hapo nikaishiwa maneno. Giza, ubaridi, watu wamekaa chini kimya, mbele inawaka alama ya Om, ile takatifu ya Wahindu, peke yake. Hakuna anayekuhimiza. Shangazi ana tasbihi yake mkobani siku zote. Hakuitoa, alikaa tu, goti amelinyoosha, mpaka nikadhani amelala. Hakulala. Nilipomwambia twende alinikata jicho. Kwa ukumbi ule peke yake ningetoa nyota tano, na siyo mtu wa kusifu ovyo mimi.

Mwamba wa jirani una sanamu ya Thiruvalluvar, mshairi wa Kitamil, futi 133, na tangu mwishoni mwa 2024 miamba hiyo miwili imeunganishwa kwa daraja la kioo. Shangazi aligoma: "Kioo natazamia uso, sikikanyagi."

Nikawa nimelegea, nasema moyoni labda nimewaonea. Tukafika kwenye foleni ya kurudi. Upepo umeanza, watoto wanalia, wazee hawana hata benchi, na wafanyakazi wanapiga soga kivulini. Hasira zote zikarudi, na za nyongeza juu.

Ukienda, nenda asubuhi mapema, na siku za sikukuu usijaribu kabisa. Shangazi anasema nipandishe ziwe nne. Tiketi nilinunua mimi, nyota mbili.