Geji za AC ya gari: ya bluu peke yake itakudanganya

Haya wadau, karibuni. AC inapuliza hewa vuguvugu, na kabla boneti haijafunguliwa mtu ameshasema "gesi imeisha." Ngoja kwanza. Leo tuna seti ya geji mbili: bluu ni presha ya chini, nyekundu presha ya juu, hozi ya njano ya kujazia gesi na kuvutia hewa. Sanduku lake sina la kusema, sanduku ni sanduku.

Ninachokipenda hapa ni hii nyekundu. Sogeza kamera. Injini imezimwa, nje ni nyuzi 30, gari linatumia gesi ya aina ya R134a. Mishale yote miwili imesimama karibu na 95 psi, yaani kipimo cha presha. Maana yake gesi imo, basi. Imo kiasi gani, hujui, kwa sababu maadamu kuna gesi kidogo iliyo kimiminika humo ndani, presha inafuata joto, haifuati ujazo. Ungesoma 20 hapa, hapo sawa, inavuja, na klachi ya kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, haitashika kwa sababu swichi ya presha inaikatia umeme.

Sasa angalieni. Nimechomoa plagi ya feni ya kondensa makusudi; kondensa ni ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi nje. Valvu zote mbili za geji zimefungwa. Washa injini, AC mpaka mwisho, milango wazi, injini izunguke mara 1,500 kwa dakika. Bluu inapanda, 55. Mwenye kile kikopo cha gesi chenye kigeji kimoja anaona hiyo 55 tu, imepita eneo la kijani, anasema gesi imezidi, anaanza kuipunguza. Sasa tazama nyekundu: 320, na bado inapanda! Nikimwagia kondensa maji... mnaona? 290, 260, 230. Bluu nayo imeshuka mpaka 38, na matundu ya ndani yameanza kutoa baridi. Joto lilikuwa halina pa kutokea. Hapo unatafuta fyuzi, relei, au mota ya feni. Feni ingekuwa inazunguka vizuri na kondensa ni safi, ndipo ningeshuku gesi iliyozidi au hewa iliyoingia kwenye mfumo.

Kile kikopo ni rahisi zaidi, sikatai, lakini unalipia nusu ya jibu. Kompresa iliyochoka nayo inapandisha bluu, tuseme 80, ila nyekundu inabaki 130 au 140. Bluu juu mara zote mbili, ugonjwa tofauti kabisa! Zikishuka zote mbili, gesi ni pungufu: tafuta uvujaji kabla ya kujaza, anza na maungio yenye alama ya mafuta. Bluu ikizama chini ya sifuri, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye valvu ya kupanulia gesi.

Kinachonikera ni hizi koki za kuungia hozi kwenye gari. Ya bluu na ya nyekundu zina vipenyo tofauti, huwezi kuzibadilisha, hilo zuri. Lakini mpira wa ndani ni mwembamba, ukiuvuta kwa pembe unatoa tsss na gesi inakupiga vidole. Vaa glavu na miwani. Na kabla ya kuunganisha hakikisha mishale iko sifuri. Kwenye seti hii mmoja ulikuwa umekaa kwenye 8, skrubu ndogo nyuma ya kioo ikaurekebisha.

Mliouliza kuhusu pampu ya kuvuta hewa, video inafuata, bonyeza kengele.

Ukimaliza, zima injini na usichomoe nyekundu papo hapo. Subiri mishale ikutane, dakika chache tu, halafu vuta koki moja kwa moja, bila kuikunja. Na mkebe wa gesi ukiwa kwenye hozi ya njano na injini inanguruma, valvu nyekundu usiiguse kabisa: presha ya juu itarudi kwenye mkebe, nao unaweza kupasuka mkononi.